Pua Isiyopona na Figo Zisizouma: Mwongozo wa Kuutambua Ugonjwa wa GPA

Kuna ugonjwa ambao mtu anaweza kuuzungusha kwa madaktari wanne, na kila mmoja akatibu kipande kilichomfikia bila kuuona mzima. Wa masikio hutoa matone ya sikio, wa macho matone ya jicho, wa kifua huandika antibiotiki, na aliyeonyeshwa magoti yaliyovimba huandika dawa ya maumivu. Hakuna aliyekosea sana katika eneo lake, lakini miezi inakwenda. Jina lake la kitabibu ni granulomatosisi yenye poliangiitisi, na kwa kifupi huandikwa GPA. Ni mojawapo ya magonjwa adimu ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Hapa inayoshambuliwa zaidi ni mishipa midogo ya damu: kuta zake huvimba, huziba au hupasuka, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mishipa hiyo huanza kufa kidogo kidogo.

Katika faili za zamani utaukuta kwa jina la Wegener, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1936. Mwaka 2011 vyama vya kimataifa vya madaktari vilipendekeza jina hilo liachwe, kwa sababu ya uhusiano wake na chama cha Nazi, lakini madaktari wengi bado hulitumia kwa mazoea. Ukilisikia, ujue ni ugonjwa ule ule.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya daktari. Unaeleza namna ya kumfikishia daktari habari zilizokamilika, vipimo gani vya kuulizia, kwa mpangilio gani, na namna ya kuyasoma majibu bila kujidanganya. Haraka ina sababu yake: kabla dawa za kudhibiti ugonjwa huu hazijapatikana, mgonjwa ambaye ugonjwa ulikuwa umemwenea mwilini aliishi kwa wastani wa miezi 5 tu. Leo walio wengi hutulia wakitibiwa, ila figo ikishakufa makovu yake hayaondoki kwa dawa yoyote.

Hatua ya kwanza: weka dalili zote kwenye karatasi moja

Kabla ya miadi yoyote, chukua karatasi moja na uandike kila kilichousumbua mwili katika miezi 12 iliyopita, kuanzia cha mwanzo hadi cha jana, hata kile unachodhani hakihusiani. Andika tarehe kwa makadirio, dawa uliyopewa, na kama ilisaidia. Ukumbusho wa namna hii una thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu mbele ya daktari mtu hueleza kinachomuuma siku hiyo na kusahau kwamba miezi mitatu nyuma sikio lilikuwa limeziba.

Karatasi inayopaswa kumshtua daktari husomeka hivi: Februari, mafua yasiyoisha na magamba ya damu puani, Aprili, sikio la kulia halisikii vizuri, antibiotiki mara mbili, hakuna nafuu, Mei, vifundo vya miguu na magoti vinauma kwa kuhamahama, Juni, jicho jekundu lenye maumivu, Julai, kikohozi, uchovu, kilo 6 zimepungua. Kila mstari ukiusoma peke yake ni jambo la kawaida. Ukiisoma karatasi nzima unaona ugonjwa mmoja unaotembea mwilini.

Ugonjwa huu humpata mtu wa umri wowote, mwanamume au mwanamke, ingawa huonekana zaidi kati ya miaka 40 na 65. Hauambukizi.

Hatua ya pili: zikague dalili kiungo kwa kiungo

Anza na pua, kwa sababu kwa wagonjwa wengi ndiko mambo yanakoanzia. Mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili, na mzio huja na chafya na muwasho. Pua ya GPA haifanani na hayo. Huziba kwa wiki kadhaa mfululizo, na asubuhi mgonjwa akipenga hutoka magamba makubwa, magumu, yenye rangi ya kahawia na michirizi ya damu, mengine yamechukua umbo la tundu la pua lenyewe. Harufu yake inaweza kuwa mbaya. Damu hutoka puani bila kugongwa. Sainasi huuma kwenye mashavu na paji la uso, na antibiotiki hutuliza kwa siku chache tu kabla hali haijarudi. Ugonjwa ukiachwa, ukuta wa gegedu unaotenganisha matundu mawili ya pua unaweza kutoboka, na daraja la pua likabonyea katikati mfano wa tandiko la farasi. Ikifika hapo utambuzi umeshachelewa, kwa hiyo usingoje alama hiyo ndipo uamini.

Masikio hufuata mara nyingi. Kwa mtu mzima, majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio yasiyopona, au usikivu unaopungua ndani ya wiki chache, ni jambo la kuchunguzwa na si la kuongezewa matone. Kooni, chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa inaweza kusinyaa: sauti hukwaruza, na mtu anapovuta pumzi husikika mluzi. Mluzi huo hudhaniwa pumu, na mgonjwa hupewa dawa za kuvuta ambazo hazimsaidii. Tofauti inayofaa kuikumbuka ni kwamba pumu kwa kawaida hulia zaidi wakati wa kutoa pumzi, ilhali njia ya hewa iliyosinyaa kooni hulia wakati wa kuvuta. Fizi nazo zitazame kwenye kioo. Kwa wagonjwa wachache huvimba, huwa nyekundu na zenye vinundu vidogo vinavyovuja damu vikiguswa.

Jicho jekundu lenye maumivu ya ndani, hasa yale yanayomwamsha mtu usiku, ni tofauti na jicho linalowasha na kutoa tongotongo. Maumivu ya namna hiyo huweza kuwa ya ukuta mweupe wa jicho wenyewe, na hayafai kusubiri. Kuna pia jicho moja linalojitokeza mbele kuliko jingine, au mtu kuanza kuona vitu viwili viwili, kwa sababu uvimbe umejijenga nyuma ya jicho.

Mapafuni huanza kwa kikohozi, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, au makohozi yenye damu. Wengine hawana dalili yoyote ya kifua, na vinundu vya mapafu huonekana kwa bahati kwenye picha iliyopigwa kwa sababu nyingine.

Kwenye ngozi tafuta madoa mekundu au ya zambarau yaliyoinuka kidogo, hasa miguuni kuanzia magotini kushuka chini. Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya nyumbani: bonyeza doa kwa glasi ya kunywea iliyo angavu na ulitazame kupitia kioo chake. Wekundu wa kawaida hufifia unapobonyezwa. Doa la damu iliyovuja kutoka kwenye mshipa halififii. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kwa shida, kwa hiyo pitisha kidole kuhisi kilichoinuka, kisha kagua nyayo, viganja na upande wa ndani wa mdomo.

Neva nazo huumia mishipa inayozilisha ikiziba. Mtu huamka asubuhi akakuta mguu mmoja unaburuta, kidole gumba hakiinuki, na kiatu kinajikwaa kwenye zulia, au kiganja kimelegea kwenye kifundo. Ganzi inayopanda taratibu miguu yote miwili kwa pamoja ina visababishi vingi, kisukari kikiwemo. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, ukifuatiwa siku kadhaa baadaye na mwingine mahali pengine, una visababishi vichache, na huu ni mmojawapo.

Yaliyobaki ni dalili zisizo na makao: homa ndogo ndogo, jasho la usiku, kukonda, hamu ya kula kupotea, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Peke yake hazimwelekezi daktari popote. Zikiwa pamoja na pua na sikio, zina uzito.

Hatua ya tatu: pima mkojo, hata kama mkojo wako ni mzuri

Hatua hii ndiyo ninayoiwekea mkazo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Figo zinazoshambuliwa na GPA haziumi. Hakuna kuchoma wakati wa kukojoa, hakuna maumivu ya mgongo, na mara nyingi mkojo una rangi ile ile ya kila siku. Chembe nyekundu za damu hupita kwenye vichujio vilivyojeruhiwa zikiwa chache mno kuonekana kwa macho, huku protini ikivuja pamoja nazo. Mkojo ukishakuwa na rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, au povu lake likigoma kuisha, au nyuso za miguu zikaanza kubonyea zinapobonyezwa, uharibifu umeshapiga hatua.

Kipimo chenyewe ni kijiti cha plastiki chenye vibandiko vya rangi, na karibu kila kituo cha afya kinacho. Toa mkojo wa katikati: acha wa mwanzo upite, kisha kinga unaofuata kwenye kichupa safi. Kijiti huchovywa mara moja, hukung'utwa ukingoni, na baada ya sekunde 60 hivi hulinganishwa na rangi zilizochapwa kwenye kopo lake. Kibandiko cha damu huwa cha manjano. Kikipata madoadoa ya kijani au kikawa kijani kizima, damu imo. Mwanamke asipime akiwa hedhini, kwa kuwa jibu litachanganya.

Kijiti kikionyesha damu na protini kwa pamoja, usikubali kuambiwa mara moja kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo na kupewa antibiotiki bila kuotesha mkojo, yaani kuuweka maabara kuona kama bakteria wataota. Omba mkojo huo utazamwe kwa hadubini ungali mbichi, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kinachotafutwa ni chembe nyekundu zilizopinda na kupoteza umbo kwa kujipenyeza kwenye vichujio, na zaidi ya hapo, vijiti vidogo vya chembe nyekundu zilizogandamana katika umbo la mirija ya figo. Mtaalamu wa maabara akiviona vijiti hivyo, damu inatoka ndani ya figo zenyewe, wala si kwenye kibofu. Mkojo uliokaa benchi tangu asubuhi huviyeyusha, na jibu likarudi kwamba hakuna kitu.

Dalili zinazokataza kusubiri miadi

Nenda hospitali yenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo ukikohoa damu zaidi ya michirizi, ukiishiwa pumzi hata ukiwa umekaa, mkojo ukipungua sana au kuwa wa rangi ya kahawia, uwezo wa kuona ukishuka, mguu au mkono ukilegea ghafla, au pumzi ikianza kulia kooni unapoivuta. Damu inaweza kumwagika ndani ya mapafu bila mtu kukohoa hata tone, na alama yake ikawa pumzi fupi pamoja na kiwango cha damu kilichoshuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo mgonjwa aliyepauka ghafla na kuhema asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu.

Hatua ya nne: vipimo vya damu, na namna ya kukielewa kipimo cha ANCA

Vya mwanzo ni vya kawaida. Hesabu kamili ya damu mara nyingi huonyesha upungufu wa damu, chembe nyeupe nyingi, na chembe sahani zilizopanda. Vipimo vya kuonyesha mwako mwilini, yaani ESR na CRP, huwa juu, ingawa havisemi mwako huo umetoka wapi. Kreatinini hupima kazi ya figo, na hapa pana mtego: inaweza kubaki ndani ya kiwango kinachoitwa cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo umepotea. Kwa sababu hiyo tafuta majibu yako ya zamani, hata ya miaka miwili nyuma, uyalinganishe. Kreatinini iliyopanda kutoka mikromoli 70 hadi 105 kwa lita inaweza kuandikwa kawaida kwenye fomu, na kumbe figo zinazama. Ikipanda kila wiki, hilo ni jambo la kulazwa.

Kisha kuna ANCA. Hizi ni kingamwili zinazozilenga protini zilizomo ndani ya nyutrofili, chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuua bakteria. Nyutrofili zikichokozwa na kingamwili hizo hujibandika kwenye ukuta wa mshipa na kumwaga humo sumu zilizokusudiwa vijidudu. Mwaka 1985 ndipo uhusiano wa kingamwili hizi na ugonjwa huu ulipochapishwa, na tangu hapo utambuzi ukawa mwepesi zaidi.

Maabara hupima kwa njia mbili. Ya kwanza hutazama nyutrofili chini ya hadubini yenye mwanga maalumu: zikimetameta kote huitwa c-ANCA, na zikimetameta kuzunguka kiini huitwa p-ANCA. Ya pili hupima protini inayolengwa, ama PR3 au MPO. Tangu 2017 makubaliano ya kimataifa yanashauri kuanza na njia ya pili ikiwa ni ya ubora mzuri. Kwenye fomu, hakikisha yameandikwa maneno "PR3 na MPO", kwa sababu fomu iliyoandikwa "ANCA" pekee inaweza kurudi na jibu nusu. GPA huenda zaidi na PR3, japokuwa baadhi ya wagonjwa wana MPO.

Sasa namna ya kulisoma jibu. Kati ya wagonjwa 10 ambao ugonjwa umewaenea hadi mapafuni na kwenye figo, 8 au 9 huwa na ANCA. Lakini pale ambapo ugonjwa umejifungia puani, masikioni na kooni, wasiokuwa nayo wanaweza kufikia 4 kati ya 10. Jibu hasi, basi, halimwondoi mtu kwenye orodha. Wala jibu chanya si hukumu. Maambukizi ya vali za moyo, kifua kikuu, kokeini iliyochanganywa na levamisoli, dawa ya shinikizo la damu iitwayo hidralazini na dawa ya tezi ya shingo iitwayo propiltiourasili, zote zinaweza kuleta ANCA. Mweleze daktari kila unachotumia, pamoja na vile ambavyo ni aibu kuvitaja. Dozi ya sumu kwa ugonjwa usiokuwepo ni mbaya kuliko aibu hiyo.

Pamoja na ANCA, daktari makini ataomba kipimo cha kingamwili dhidi ya utando wa vichujio vya figo, kwa kuwa ugonjwa unaoletwa na kingamwili hizo nao huleta damu mapafuni na kuua figo kwa haraka, na mara nyingine magonjwa haya mawili humkuta mtu mmoja. Ataomba pia vipimo vya lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga huushambulia mwili wenyewe.

Hatua ya tano: picha

Eksirei ya kifua ni mwanzo tu. Picha ya CT ya kifua huona vinundu ambavyo eksirei haivioni, na katika GPA vinundu hivyo huwa vingi, vya ukubwa tofauti, na vingine vina shimo katikati. Picha ya CT ya sainasi huonyesha utando ulionenepa na, ugonjwa ukikaa sana, mifupa iliyolika. Daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera ndogo puani na kushuka hadi kwenye nyuzi za sauti, na kipimo cha usikivu kifanyike wakati huo huo.

Inapodhaniwa kuwa damu inavuja mapafuni, huingizwa kamera yenye mrija, na maji safi yenye chumvi humwagwa na kunyonywa mara tatu mahali pamoja. Damu iliyotokana na mchubuko wa kamera hupungua kila maji yanaponyonywa. Damu inayotoka kwenye vifuko vya hewa huzidi kukolea kutoka chupa ya kwanza hadi ya tatu.

Hatua ya sita: ondoa vinavyofanana, kifua kikuu kikiwa cha kwanza

Kikohozi chenye damu, homa, jasho la usiku, kukonda, na shimo kwenye pafu: mtu yeyote mwenye busara atafikiria kifua kikuu kwanza, na yuko sahihi. Hata chini ya hadubini vyote viwili hutengeneza granuloma, yaani vifundo vya chembe za kinga. Kwa hiyo makohozi yapimwe, kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu) pale ilipo na kwa kuotesha, tena zaidi ya mara moja. Kosa la upande wa kwanza ni kumpa mwenye kifua kikuu steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe na kushusha kinga, ugonjwa wake ukasambaa. Kosa la upande wa pili ni kumwanzishia mwenye GPA dawa za kifua kikuu kwa picha peke yake, kisha kusubiri miezi miwili nafuu isiyokuja. Mtu aliyeanzishiwa dawa hizo bila bakteria kuonekana, na ambaye wiki zinapita pua bado inatoa magamba na mkojo bado una damu, anastahili kupimwa upya kuanzia mwanzo.

Mengine ya kuondolewa ni saratani ya mapafu na ya tezi za limfu, maambukizi ya kuvu, kaswende, ukoma unapoharibu pua, na maambukizi ya vali za moyo, ambayo huthibitishwa kwa kuotesha damu na altrasaundi ya moyo. Kipimo cha VVU na vya homa ya ini aina ya B na C vifanyike sasa. Hivi vina kazi mbili: kuondoa visababishi vingine, na kumlinda mgonjwa, kwa kuwa rituksimabu, mojawapo ya dawa za kutibu GPA, inaweza kuamsha virusi vya homa ya ini B vilivyokuwa vimelala.

Hatua ya saba: kipande cha nyama

Pale inapowezekana, utambuzi huthibitishwa kwa biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini. Swali ni kipande cha wapi. Pua ndiyo rahisi kufikiwa, lakini mara nyingi jibu lake ni "uvimbe usio maalumu", kwa sababu alama zote za ugonjwa hazikutani kwenye kipande kidogo hivyo. Daktari akate vipande kadhaa, na jibu la namna hiyo lisichukuliwe kuwa la kumwondolea mtu ugonjwa. Kipande kikubwa cha pafu hueleza mengi, ila kukipata ni upasuaji. Mkojo ukiwa na damu na protini, mahali panapofaa zaidi ni figo.

Wengi huiogopa biopsi ya figo kwa kutoijua. Mgonjwa hulala kifudifudi, mto umewekwa chini ya tumbo. Daktari huitafuta figo kwa altrasaundi, hupiga ganzi, humwomba mgonjwa azuie pumzi kwa sekunde chache, na sindano yenye springi hulia "ta!" mara moja. Hurudiwa mara mbili au tatu. Kinachotoka ni uzi wa nyama mwembamba kama ncha ya kalamu. Baadaye mgonjwa hulala chali kwa saa kadhaa, shinikizo lake likipimwa na mkojo wake ukitazamwa kila anapokojoa. Kabla ya hapo, dawa za kuzuia damu kuganda zisimamishwe kwa maelekezo ya daktari, na shinikizo lililo juu lishushwe kwanza.

Katika jibu la figo tafuta mambo mawili. La kwanza ni vichujio vyenye chembe zilizojipanga kwa umbo la hilali, alama ya kwamba kichujio kimepasuka na kinabanwa kutoka pembeni. Hilali mbichi zinaweza kupona, zilizogeuka kovu haziponi, kwa hiyo uliza ngapi ni za namna gani. La pili ni kwamba mwanga maalumu hauonyeshi kingamwili zilizorundikana, au huonyesha chache sana. Huo ndio utengano kati ya GPA na lupasi, ambayo hurundika kingamwili nyingi na za aina nyingi.

Hatua ya nane: kuyaunganisha majibu

Hakuna kipimo kimoja kinachotamka GPA. Daktari bingwa wa baridi yabisi au wa figo huunganisha dalili, mkojo, ANCA, picha na nyama, baada ya vinavyofanana kuondolewa. Baadhi ya wagonjwa hukutana na jedwali la alama la mwaka 2022, lililotolewa na vyama vya Marekani na Ulaya vya madaktari wa baridi yabisi: pua yenye magamba, vidonda au damu hupewa alama 3, gegedu iliyoharibika 2, usikivu uliopungua 1, PR3 au c-ANCA 5, vinundu vya mapafu 2, huku eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi zikiondoa 4, na jumla ya 5 ikitosha. Ni jedwali zuri kwa kazi yake, lakini kazi yake si kumtambua mgonjwa. Lilitengenezwa kuwapanga kwenye makundi watu ambao tayari imethibitika kuwa mishipa yao midogo au ya kati imevimba. Anayejihesabia alama nyumbani kwa mafua na jibu moja la PR3 atafikisha 5 au zaidi na bado akawa hana ugonjwa huu.

Biopsi ikichelewa na mapafu yanavuja damu au kreatinini inapanda, matibabu hayasubiri karatasi. Steroidi za sindano huweza kuanzishwa huku kipande kikikatwa siku zinazofuata, kwani alama za figo hazifutiki kwa siku chache. Ikiwa hali haina dharura, steroidi zisianzishwe kabla ya uchunguzi kukamilika, hasa vidonge vinavyonunuliwa dukani bila cheti: pua hufunguka, viungo hulegea, kila mtu hufurahi, na ushahidi hufifia ilhali figo zinaendelea kuliwa.

Kabla ya dozi ya kwanza ya dawa za kutuliza kinga, ambazo mara nyingi ni prednisoloni pamoja na rituksimabu au siklofosfamidi, uliza kuhusu chanjo, kuhusu kinga dhidi ya nimonia ya vijidudu nyemelezi, kuhusu minyoo ya strongiloidi ambayo steroidi huweza kuifanya isambae mwilini, na, kwa anayetaka kupata watoto, kuhusu uzazi, kwa sababu siklofosfamidi inaweza kuuharibu kwa wanaume na wanawake.

Siku utambuzi unapotolewa, usiondoke bila nakala ya mambo matano: kreatinini, jibu la mkojo, kiwango cha PR3 au MPO, ripoti ya nyama, na picha zenyewe, si maelezo yake tu. GPA ina tabia ya kurudi baada ya kutulia, na siku pua itakapoanza tena kutoa magamba, daktari utakayemkuta, ambaye huenda si huyu wa leo, atahitaji kujua ulianzia wapi.